Sumu Iliyo Uani na Mkono wa Sheria Ndogo

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu ukaguzi wa usafi wa makazi na ukusanyaji wa taka hatarishi za majumbani



Afisa Afya anapoingia katika ua wa mkazi kukagua usafi, macho yake huanza na yale yaliyo wazi: choo kisicho na mlango, shimo la taka lililofurika, nyasi zilizofika magotini, maji yaliyotuama kwenye tairi kuukuu. Hayo ndiyo yaliyozoeleka katika sheria ndogo za usafi, na ndiyo yanayoandikwa kwenye notisi. Katika ua huohuo, nyuma ya banda la kuku, betri ya sola iliyokufa imeegemezwa ukutani na tindikali yake imechuruzika udongoni. Juu ya kabati la jikoni ipo chupa ya soda yenye mabaki ya dawa ya kupulizia mahindi. Darini zimo balbu zilizoungua, na kwenye kikapu cha mama mwenye nyumba umo mfuko wa vidonge vilivyokwisha muda wake miaka miwili iliyopita. Ua huo ukifagiwa vizuri, mkaguzi ataondoka ameridhika. Sumu itabaki pale pale.

Jambo kuu la maelezo haya ni moja. Sheria ndogo inaweza kumlazimisha mkazi aondoe sumu nyumbani kwake, lakini haiwezi kumaliza kazi hiyo ikiwa hakuna mahali pa kuipeleka. Mkazi anayetishwa faini bila kuonyeshwa pa kupeleka betri iliyopasuka ataitupa usiku korongoni, na mvua ya masika itaileta kisimani. Kwa hiyo ukaguzi na ukusanyaji ni kazi moja yenye mikono miwili, na mkono mmoja ukikosekana ule mwingine huharibu.

Taka hatarishi za nyumbani ni zipi

Taka za kawaida, kama maganda, majivu na mabaki ya chakula, huoza na kurudi ardhini. Taka hatarishi ni zile ambazo hata zikiwa kidogo huunguza, hulipuka, hushika moto au hutia sumu katika mwili, udongo na maji. Watu wengi huzihusisha na viwanda na hospitali, lakini kaya nyingi za kata yoyote hazikosi sehemu yake.

La kwanza ni betri. Betri ya gari, ya pikipiki na zile kubwa za umeme wa jua zimejaa madini ya risasi, ambayo huchukua zaidi ya nusu ya uzito wake, pamoja na tindikali inayounguza ngozi na macho. Betri za simu na za taa ndogo za kuchaji zina madini ya lithiamu. Zikitobolewa, zikigongwa au zikitupwa motoni huweza kuwaka ghafla.

La pili ni viuatilifu: dawa za kuua wadudu shambani, dawa za kuogeshea mifugo, sumu ya panya na dawa za kupuliza mbu. Hatari kubwa zaidi hutokana na desturi ya kuzihamishia katika chupa za maji au soda. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi ya dawa. Huiona chupa anayoijua. Mafuta ya taa nayo yamo katika hatari hiyohiyo. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yatayeyusha sumu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chombo chenye mabaki kibebwe ili tabibu ajue anakabiliana na nini.

La tatu ni vitu vyenye zebaki. Zile balbu za kuokoa umeme zilizojikunja kama konokono, na taa ndefu za mrija, zina miligramu chache za zebaki. Kipimajoto cha kioo chenye uzi unaong'aa kina nyingi zaidi. Balbu ya namna hiyo ikivunjika ndani ya chumba, watoto watolewe nje, madirisha yafunguliwe kwa robo saa au zaidi, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na kutiwa katika chombo chenye kifuniko. Kufagia kwa nguvu hutawanya mvuke na unga wake.

La nne ni oili chafu, rangi na vimiminika vya kuyeyushia rangi, dawa za binadamu na za mifugo zilizokwisha muda, pamoja na sindano. Mwisho ni dawa za usafi zenyewe. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na tindikali ya kusafishia choo hutoa gesi inayobana mapafu, na watu wamedhurika vyooni mwao wenyewe kwa kudhani kwamba dawa mbili hutakatisha zaidi ya moja.

Risasi na watoto

Miongoni mwa sumu hizo zote, madini ya risasi yanahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu hayanuki, hayaungui, na madhara yake huonekana wakati yamekwishaingia. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa hugusa udongo, hutia vidole mdomoni, na risasi huingia. Huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia, na ikizidi huleta degedege na kifo. Mwalimu anaweza kumwona mtoto huyo mzito wa kuelewa, mzazi akamwona mtundu, na hakuna atakayefikiria betri iliyopasuliwa nyuma ya nyumba.

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, jijini Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Hapakuwa na kiwanda kikubwa. Palikuwa na udongo uliochanganyika na mabaki ya betri za magari, na familia zilizoupepeta na kuuchekecha nyumbani ili zipate vipande vya risasi vya kuuza. Walichokuwa wakikitafuta kwa ajili ya riziki kiliingia majumbani na kuwaua watoto.

Karibu zaidi, katika kitongoji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, wakazi waliishi pembeni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na damu za watoto na watu wazima zikakutwa na risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baada ya rufaa ndefu, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliirejesha amri hiyo mwezi Desemba 2024. Jambo la kuzingatiwa katika shauri lile ni kwamba mzigo haukuwekwa kwa mwenye kiwanda peke yake. Vyombo vya Serikali vilivyotakiwa kusimamia navyo vilibebeshwa sehemu yake. Mwenye mamlaka ya kukagua ana deni kwa anayekaguliwa.

Mifano hiyo isionekane ya mbali. Fundi anayepasua betri chini ya mwembe ili auze risasi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kijana anayeyeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu ili atengeneze chubwi za nyavu, wanafanya kazi ileile kwa kipimo kidogo. Moshi wa sufuria hiyo huwafikia jirani na mtoto wake.

Sheria inavyosema na ukaguzi unavyotakiwa kuwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye kulinda afya, na papo hapo inamwekea wajibu wa kuyalinda. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya mamlaka ya kukagua makazi na kuamuru kero ziondolewe. Kanuni za taka hatarishi zilizotungwa chini ya sheria ile ya mazingira zinataka anayekusanya, kusafirisha au kuhifadhi taka hizo awe na kibali. Kwa hiyo si kila mwenye mkokoteni anaruhusiwa kununua betri na oili chafu.

Halmashauri ya Wilaya nayo hutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Sheria ndogo haianzi kutumika kwa tamko la mkutanoni. Wananchi hupewa taarifa ili watoe maoni, Baraza la Madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa huidhinisha, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Halmashauri ya Kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo zake, na hizo huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mkazi ana haki ya kuomba kuisoma sheria ndogo anayodaiwa kuivunja, na ofisi ya Mtendaji inapaswa kuwa na nakala yake.

Ukaguzi wenye heshima una hatua zake. Mkaguzi hubisha hodi, hujitambulisha na kuonyesha kitambulisho. Hueleza anachokagua na kumwonyesha mwenye nyumba kasoro kwa macho yake. Kasoro ikiwepo, huandika notisi inayotaja kosa, kinachotakiwa kufanywa na muda wa kulitekeleza. Muda ukipita bila utekelezaji ndipo hatua za adhabu hufuata: ama mkosaji akiri kwa maandishi na kulipa faini, ama shauri lifikishwe mahakamani. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi. Fedha inayopokelewa mkononi bila stakabadhi si faini, na mkazi anayeombwa kuilipa hivyo anapaswa kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kata au kwa Mkurugenzi.

Hatua hizo zina maana kubwa katika habari ya sumu. Mwenye nyumba anayemwogopa mkaguzi huficha, na taka hatarishi ni rahisi mno kuficha: huzikwa, humwagwa chooni, huchomwa usiku. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sumu iliyozikwa karibu na kisima haikuondoka, imesogezwa tu mahali ambapo mkaguzi haioni na mtoto anainywa.

Pengo linalopaswa kuzibwa

Ukweli usemwe. Katika maeneo mengi gari la taka, pale linapofika, hubeba kila kitu pamoja na kukimwaga dampo moja. Vijijini hata gari hilo halifiki, na kila kaya ina shimo lake. Notisi inayomwambia mkazi aondoe betri na makopo ya viuatilifu ndani ya siku kadhaa, bila kumwambia ayapeleke wapi, inamsukuma kwenye korongo, mto au moto. Moto wenyewe si msaada: plastiki ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, kopo la dawa ya mbu hulipuka, na risasi haiungui bali huruka na moshi au hubaki ndani ya majivu.

Taifa lina mfano wa namna katazo linavyofanikiwa. Juni 1, 2019 matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yalipigwa marufuku. Tarehe ilitangazwa mapema, wenye shehena wakapewa nafasi ya kuisalimisha, na mifuko mbadala ikaonekana sokoni. Mama aliyekwenda kununua nyanya alikuta kitu kingine cha kubebea. Katazo lilikuja na njia, na mwananchi akaipita. Taka hatarishi za nyumbani zinahitaji njia ya namna hiyo.

Utaratibu unaopendekezwa

Yanayofuata ni mapendekezo yanayoweza kujadiliwa katika mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kisha kupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Kwanza, kata iwe na kituo kimoja cha kupokelea taka hatarishi. Hakihitaji jengo la fahari. Kinahitaji chumba au kontena lenye paa lisilovuja, sakafu ya saruji yenye kizingiti cha kuzuia kimiminika kisitoke, mlango wa kufuli, mchanga wa kufyonzea kilichomwagika, na kiwe mbali na kisima na madarasa. Ndani yake betri zikae peke yake, zikiwa zimesimama. Viuatilifu peke yake. Balbu ndani ya boksi. Oili ndani ya pipa lenye kifuniko.

Pili, mapokezi yafanyike katika siku inayojulikana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi imekwisha kuwa siku ya usafi, na wananchi wameizoea. Mara moja katika kila miezi mitatu siku hiyo iwe pia siku ya kupokea taka hatarishi, na anayeleta asiulizwe alizipata wapi wala asitozwe faini kwa kukutwa nazo. Anayesalimisha sumu kwa hiari amekwisha kutimiza lengo la sheria.

Tatu, notisi ya usafi ibadilishwe. Chini ya kila kosa linalohusu taka hatarishi paandikwe jina la kituo na tarehe ya mapokezi yajayo, na muda wa notisi usiishe kabla ya tarehe hiyo. Badiliko hili halihitaji fedha. Linahitaji mstari mmoja tu wa maandishi, nao utageuza karatasi ya kutisha kuwa karatasi ya kuelekeza.

Nne, mwisho wa safari ujulikane kabla ya safari kuanza. Betri za risasi na oili chafu zina wanunuzi, na halmashauri iwape wale wenye vibali pekee, kwa mkataba na kumbukumbu za uzito. Dawa zilizokwisha muda zipitie kwa mfamasia wa wilaya, chini ya taratibu za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Viuatilifu vishughulikiwe kwa maelekezo ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa vitu visivyo na mnunuzi, kama balbu za zebaki, halmashauri itapaswa kulipia uteketezaji au uhifadhi wake, chini ya ushauri wa chombo cha taifa kinachosimamia mazingira. Kituo kinachopokea bila kutoa hugeuka kuwa dampo jipya katikati ya kata.

Tano, gharama iingie katika bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, lakini mipango huibuliwa vijijini miezi mingi kabla ya hapo. Jambo lisiloandikwa katika muhtasari wa kijiji ni vigumu kulikuta katika bajeti ya wilaya. Mwananchi anayenung'unika barazani hajasikika. Aliyesimama mkutanoni hoja yake ikaandikwa ameanza kusikika.

Wakati kituo bado

Kaya haiwezi kungoja bajeti. Yapo yanayowezekana leo, tena kwa gharama ndogo.

Kila nyumba itenge ndoo moja yenye kifuniko, iwekwe juu, mbali na watoto, moto na chakula, na iwe ya betri ndogo, balbu na vitu vya namna hiyo pekee. Betri kubwa iwekwe juu ya ubao au beseni la plastiki mahali pakavu, ikiwa imesimama, na isipasuliwe. Anayenunua betri mpya amuulize muuzaji kama huchukua ile ya zamani, kwa maana risasi iliyomo ina thamani.

Dawa ya shamba ibaki katika chombo chake chenye kibandiko. Kikiisha, kisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia yakatumike shambani. Kisha chombo kitobolewe ili kisitekwe maji wala kuwekewa mafuta ya kula. Mkulima anunue kiasi cha msimu mmoja, kwani dawa isiyobaki haihitaji pa kutupwa. Sindano zitiwe ndani ya kopo gumu na zipelekwe zahanati. Oili chafu isimwagwe barabarani kutuliza vumbi wala isipakwe kwenye vidonda vya mifugo.

Aliyefanya kazi ya betri au ya kupulizia dawa avue nguo zake na anawe kabla hajamshika mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Hitimisho

Ndugu wananchi, Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa na nchi nzima ikashika mafagio. Siku ile ilionyesha kwamba uchafu unaoonekana unaweza kuondolewa na watu wakiamua. Uliobaki ni ule usioonekana, na ufagio hauuwezi. Unahitaji mkaguzi anayebisha hodi kwa heshima, mwenye nyumba asiyeficha, na mlango mmoja katika kata ambao mtu akifika na ndoo yake atapokelewa.

Mkutano mkuu ujao wa kila kijiji ukiandika ombi la mlango huo katika muhtasari wake, kazi itakuwa imeanza. Na mkaguzi atakapopita tena katika ua ule wa mwanzo, betri isiwepo nyuma ya banda la kuku, wala chupa ya soda juu ya kabati, na mwenye nyumba aweze kumwonyesha mahali vilipokwenda.